Odera Oruka ametajwa mara ngapi? Shajara ya mradi

Februari, mwishoni

Kazi ilianza kwa ombi dogo. Kamati inayoandaa kongamano la falsafa ilitaka ukurasa mmoja juu ya Henry Odera Oruka: ameandika vingapi, amerejelewa mara ngapi, kipimo chake cha h (alama inayompima mtafiti kwa maandishi yake na kutajwa kwake) ni kipi. Wauchape kwenye kijitabu cha ratiba, chini ya picha yake. Profesa anayenisimamia alisoma barua yao akatabasamu, akasema, "Wape ukurasa wao, lakini wewe usiishie hapo."

Tuko watatu. Mimi niko Nairobi, nashughulika na maktaba na vitabu vyenyewe. Mwenzangu wa Kisumu anasoma Dholuo bila kukwama. Wa tatu ni kijana wa kanzidata, ambaye falsafa haimsumbui hata kidogo, na ndiyo sababu tunamhitaji: anauliza maswali ambayo sisi tunaona haya kuyauliza.

Kwa asiyemfahamu, Oruka alizaliwa Nyanza mwaka 1944. Alisoma Uppsala, Sweden, na Wayne State kule Detroit, na 1970 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo ndipo alipojenga idara ya falsafa inayojitegemea, maana awali falsafa ilikuwa imekaa chumba kimoja na masomo ya dini. Alifariki Desemba 1995 kwa ajali ya barabarani Nairobi, akiwa na miaka 51. Kinachomfanya atajwe mpaka leo ni mradi wake wa falsafa ya wenye hekima. Aliwaendea wazee wa vijijini nchini Kenya, wengi wao hawakupita shuleni, akawahoji juu ya Mungu, mauti, usawa, haki na mali. Alitaka kuona kama wako wanaohoji mila zao wenyewe badala ya kuzikariri. Akasema wako, akaleta majina na maneno yao.

Kwa ufupi, huyu ni mtu aliyetumia robo karne kuonyesha kwamba hekima haihitaji kuandikwa ili iwe falsafa, nasi tumepewa kazi ya kumpima kwa mashine inayoona maandishi tu. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Machi, wiki ya kwanza: jina

Kabla ya kuhesabu chochote ilibidi tujue tunamhesabu nani. Makala yake ya 1972 kwenye East Africa Journal, ile inayowashambulia wanaoita hadithi za kale falsafa, imetiwa jina Odera. Baadaye anaandika H. Odera Oruka. Wanaomrejelea wamejichagulia: Oruka, H. O.; Odera Oruka, H.; Odera-Oruka, yenye kistari ambacho sijui kilitoka wapi; Henry O. Oruka, na kwingine Odera peke yake.

Kwa msomaji wa Kenya hakuna fumbo hapo. Odera ni lake, Oruka ni la baba. Lakini mashine ilifundishwa kwamba neno la mwisho ni jina la ukoo na yaliyotangulia ni mapambo. Ikikutana na "Odera Oruka, H." inafungua mtu mmoja, na ikikutana na "Oruka, H. O." inafungua mwingine. OpenAlex, kanzidata ya wazi ya maandishi ya kitaaluma, ambayo ilianza 2022 baada ya Microsoft Academic kufungwa, inajaribu kuwaunganisha watu wa namna hii yenyewe kwa kuangalia mada na waandishi wenza. Oruka hana waandishi wenza wa kutosha kuisaidia. Mwanafizikia mwenye majina kumi juu ya kila makala anajulikana kwa marafiki zake. Mwanafalsafa huandika peke yake.

Jambo jingine: ameshafariki. Ukurasa wa mtafiti kwenye Google Scholar hufunguliwa na mwenyewe, akakusanya kazi zake na kufuta zisizo zake. Namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, nayo hupewa mtu aliye hai anayejisajili. ORCID ilianza 2012, Oruka alifariki 1995. Rekodi zake zimebaki kama shamba la marehemu ambalo hati yake haijabadilishwa jina: kila mtu analima kipande, hakuna mwenye mamlaka ya kuweka mipaka.

Tukaamua kupitia Wikidata, kwa sababu huko yeyote anaweza kutengeneza kitambulisho cha mtu na kukitetea kwa ushahidi. Kijana wa kanzidata ameweka majina yote chini ya kitambulisho kimoja. Profesa aliuliza kama tuna ruhusa ya kufanya hivyo. Kijana akamjibu, "Shikamoo Profesa, huku hakuna wa kumwomba." Hakuwa na utovu wa adabu, ndivyo kulivyo.

Machi, katikati: rafu

Nimerudi kwenye vitabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko uhondo uliko.

Kitabu chake kikuu, Sage Philosophy, kina maisha mawili. Toleo la kwanza ni la Brill, Leiden, Uholanzi, 1990, ndani ya mfululizo wa kitaaluma wenye bei ya kitaaluma. La pili ni la ACTS Press, Nairobi, 1991. ACTS ni kituo cha masomo ya teknolojia kilichoanzishwa na Calestous Juma, na ndicho kilichofanya kitabu kinunulike hapa. Wasomi wa Ulaya na Marekani wanarejelea 1990, wa Kenya na majirani 1991. Kwenye kanzidata hizo ni kazi mbili. Kwa hiyo ukisikia kitabu hicho kimerejelewa mara kadhaa, uliza kwanza ni cha Leiden au cha Nairobi.

Punishment and Terrorism in Africa kilitoka 1976 kwa East African Literature Bureau. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika hilo likaenda nayo. Toleo la pili, 1985, ni la Kenya Literature Bureau. Hapa tena rekodi mbili, moja ikiwa na mchapishaji ambaye hayupo tena kuthibitisha lolote.

Ile hotuba ya mikondo minne ya falsafa ya Afrika, ambayo ndiyo wengi wanaijua, ilisomwa 1978 na kuchapwa 1981 Wiesbaden katika kitabu kilichohaririwa na Alwin Diemer. Ina kurasa saba tu, ya 1 mpaka ya 7. Wengine wanairejelea kwa 1978, wengine kwa 1981, wengine wanaichukua kutoka kwenye vitabu vyake vya 1990 ambako aliirudia na kuipanua, akaongeza mikondo miwili ikawa sita. Andiko moja, sura nne. Nimeshika nakala ya kitabu cha Diemer mkononi: karatasi imepigwa taipu, si chapa ya risasi, herufi zinapanda na kushuka, na programu yetu ya kusoma herufi ilipofika jina la Oruka ikatoa kitu kisichotamkika. Mashine iliyoskani nakala kama hiyo miaka ya nyuma bila mtu wa kuikagua imehifadhi hivyo hivyo, na hapo marejeleo yanapotelea.

Majarida nayo yana visa vyake. Thought and Practice lilianza 1974 chini ya Chama cha Falsafa cha Kenya, Oruka akiwa nyuma yake. Baadaye likasimama, na 2009 likafufuliwa kama mfululizo mpya. Mfululizo mpya uko kwenye AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika, unasomeka bure popote. Wa zamani uko kwenye rafu, ukibahatika. Katika maktaba moja niliyoingia, toleo nililotaka lilikuwa kwenye katalogi na halikuwa kwenye rafu. Mkutubi akaniambia kwa upole kwamba huenda liko kwenye kujalidiwa, kwa sauti ya mtu ambaye ameshalisema hilo kwa wengi.

Katika hali hiyo Google Scholar ina tabia moja ambayo tumeipenda. Andiko likiwa halipo mtandaoni lakini watu wanalirejelea, inaliwekea rekodi ya kivuli: haina kiungo cha kufungua, imejengwa na marejeleo ya wengine tu. Sehemu kubwa ya Oruka wa miaka ya 70 iko humo. Web of Science, kanzidata nyingine ya marejeleo, haina vivuli vya kutafutika kirahisi namna hiyo, nayo kwa asili ilijengwa juu ya majarida. Faharasa yake ya sanaa na insia inaanzia 1975 na ilihesabu majarida, wakati wanafalsafa wa kizazi cha Oruka waliandika sura za vitabu vilivyochapwa mtaa wa pili. Scopus, mwenzake, ilikuja 2004 na ina kasoro ya namna hiyo hiyo.

Machi, mwishoni: kipimo cha h

Kijana wa kanzidata aliomba nimweleze kwa nini sina haraka na h. Nikamchorea.

Kipimo hiki kilipendekezwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akiwafikiria wanafizikia wenzake. Unapanga maandishi ya mtu kuanzia lililotajwa zaidi kwenda chini. Unashuka ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka pale ambapo idadi ya kutajwa inakuwa ndogo kuliko nafasi ya andiko kwenye foleni. Nafasi ya mwisho kabla ya hapo ndiyo h. Mwenye maandishi 10 yaliyotajwa angalau mara 10 kila moja ana h ya 10. Mwenye vitabu 3 tu, kila kimoja kimetajwa mara 1,000, h yake ni 3, na itabaki 3 hata kijiji kizima cha Plato kikifufuka kumsoma.

Mfano uliopo ni Edmund Gettier. Mwaka 1963 alichapisha makala ya kurasa tatu kwenye jarida la Analysis, akipinga kwamba imani ya kweli yenye sababu nzuri inatosha kuitwa ujuzi. Kurasa hizo tatu zimezaa majibu yasiyokwisha mpaka leo. Zaidi ya hapo alichapisha kidogo sana. Inasimuliwa kwamba hata hiyo aliiandika kwa sababu wenzake walimhimiza awe na kitu cha kuwaonyesha wakuu wa chuo. Kwa kipimo cha h, mtu aliyebadilisha somo zima hawezi kumfikia mhadhiri wa kawaida mwenye makala ishirini za wastani. Chuo chenyewe alichokuwa Gettier wakati huo ni Wayne State, kile kile alichokuja kusomea Oruka. Sijengi hoja yoyote juu ya hilo, nimelipenda tu.

Kijana akauliza: je, rekodi zilizogawanyika za Oruka zinamshusha h? Jibu ni kwamba zinaweza kumshusha na zinaweza kumpandisha. Chukua mtu mwenye maandishi matatu, kila moja limetajwa mara 3. Ana h ya 3. Gawanya moja liwe rekodi mbili, yenye 2 na yenye 1, naye anashuka kuwa 2. Sasa chukua mtu mwenye kitabu kilichotajwa mara 40 na makala iliyotajwa mara 3. Ana h ya 2. Gawanya kitabu kati ya Leiden na Nairobi, 20 kwa 20, naye anapanda kuwa 3 bila kuongeza hata sentensi. Kijana akaandika hesabu hiyo kwenye ubao akaiangalia kwa muda, kisha akasema kazi yetu ya kusafisha rekodi inaweza kumpunguzia marehemu alama. Nikamwambia ndiyo, na tutasafisha hivyo hivyo.

Aprili: ametajwa kwa lipi?

Tumeanza kufungua maandishi yanayomrejelea na kusoma sentensi yenyewe. Ni kazi ya kuchosha macho, ila ndiyo inayofundisha.

Wengi wanamtaja kwa ile mikondo minne. Sentensi huwa karibu ile ile: falsafa ya Afrika imegawanywa katika falsafa ya kikabila, hekima ya kifalsafa, itikadi za kitaifa na falsafa ya kitaaluma (Oruka), kisha mwandishi anaendelea na shughuli zake. Hurejelewa pamoja na Hountondji na Wiredu, wanafalsafa wenzake wa Afrika, kwenye mabano hayo hayo, kama majina ya wageni waalikwa. Hilo ni rejeleo moja, sawa kabisa na rejeleo la mtu aliyetumia sura nzima kubishana naye.

Wako wanaobishana naye. Peter Bodunrin wa Nigeria, katika makala ya 1981 kwenye jarida la Philosophy, alihoji kazi ya wazee kwa hoja nzito: kuonyesha kwamba wazee wana uwezo wa kufikiri kifalsafa si sawa na kuonyesha kwamba wamekuwa wakifanya falsafa, na kinachotoka kwenye mahojiano ni zao la pamoja la mzee na mtaalamu aliyemuuliza. Oruka alimjibu 1983 kwenye International Philosophical Quarterly, akaikumbushia dunia kwamba Socrates hakuandika kitu.

Halafu hapa kuna jambo la kuchekesha. Sehemu ya tatu ya Sage Philosophy inabeba maandishi ya watu wengine, wakosoaji wakiwemo, Bodunrin mmoja wao. Oruka aliwapa wapinzani wake nafasi ndani ya nyumba yake. Sasa mwanafunzi anayesoma ukosoaji wa Bodunrin humo, akaweka kwenye orodha yake kitabu kizima badala ya sura, anampa Oruka rejeleo kwa maneno yanayompinga Oruka. Tumekuta mtindo huo. Kijana aliuliza tuufute au tuuache. Tumeuacha, tukaweka alama.

Marejeleo ya Kijerumani yanatoroka kirahisi. Anke Graness alichapisha 2011 kitabu kizima kwa Kijerumani juu ya wazo la Oruka la kima cha chini cha ubinadamu: kwamba kila mtu, kwa kuwa ni mtu, ana haki ya uhai, afya na riziki ya kutosha kumwezesha kutumia akili yake, na haki hiyo haiishii kwenye mpaka wa nchi. Wazo hilo Oruka alilitoa kwenye makala juu ya misaada ya kigeni, 1989, wakati wengine wakibishana kama matajiri wana wajibu wowote kwa maskini wa mbali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake iliyokomaa kuliko zote, na haitajwi vya kutosha ukilinganisha na orodha ya mikondo. Watu wanapenda kabati lenye droo nne kuliko hoja inayodai kitu kwao.

Mwenzangu wa Kisumu amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kuhusu Kai Kresse. Kresse ndiye aliyehariri na Graness kitabu cha kumkumbuka Oruka, 1997. Kisha akaenda Mombasa, na 2007 akatoa kitabu juu ya wenye fikra wa Uswahilini: Sheikh Abdilahi Nassir, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, na Ahmed Sheikh Nabhany. Aliichukua njia ya Oruka ya kukaa na watu kwa majina yao na hoja zao, akaibadilisha, akakaa nao kwenye baraza na maisha ya kila siku badala ya kuwapelekea maswali yaliyopangwa. Mwenzangu anasema hilo ni deni kubwa kuliko marejeleo mia ya mabano. Kwenye jedwali letu limeingia kama mstari mmoja.

Mei: msemaji

Hapa ndipo mradi ulipobadilika, na sidhani utarudi ulikotoka.

Mwenzangu wa Kisumu alikuwa anapitia sehemu ya pili ya Sage Philosophy, yenye mahojiano. Akasimama kwa Paul Mbuya Akoko, mmoja wa wazee waliohojiwa. Mbuya anazungumzia ujamaa wa Waluo wa zamani, na anasema wazi kwamba haukuwa na maana ya watu kugawana mali kwa ukarimu tu. Mtu alisaidiwa alipopatwa na shida, lakini mvivu hakupewa ujira wa uvivu wake. Maneno hayo yanarejelewa mno, maana yanapingana na picha ya Mwafrika wa kale asiye na changu wala chako. Kila mara yanaporejelewa, mwandishi ni Oruka, 1990, ukurasa fulani. Mbuya yuko kwenye sentensi, hayupo kwenye orodha. Kwa kanzidata, Mbuya hajawahi kusema kitu.

Halafu Oruka Rang'inya. Huyu anasema Mungu ni wazo, wazo linalosimamia wema wenyewe, na ni kosa kumfanya mtu. Ni kauli nzito kutoka kwa mzee wa kijijini. Rang'inya ni baba mzazi wa Odera Oruka. Mtu akiandika "Oruka anasema Mungu ni wazo la wema", amemtaja nani, baba au mwana? Tumekuta sentensi ambazo kwa kweli hatuwezi kuamua. Mashine haina shida: inampa mwana.

Tulilijadili jioni nzima kwa simu, Profesa akiwa kwenye laini. Kijana wa kanzidata alisema jambo liko wazi: mwandishi wa kitabu ni aliye kwenye jalada, mengine ni siasa. Mwenzangu wa Kisumu akasema Oruka mwenyewe angelikataa hilo, kwa sababu vita vyake vyote vilikuwa dhidi ya wanaoandika "Waluo wanaamini" au "Wabantu wanaamini" bila jina la mtu. Yeye aliweka jina, akaweka maisha ya mzee kwa ufupi, mara nyingine picha, akaweka maneno yake. Alimtenga mzee anayehoji na mzee anayekariri tu mila vizuri. Ukishafanya kazi yote hiyo ya kumtoa mtu kwenye kundi, kisha kanzidata ikamrudisha kimya kimya chini ya jina la aliyemhoji, umerudi pale pale alipotoka.

Profesa alileta upande wa Bodunrin: kama ni zao la pamoja, basi kumpa mzee peke yake ni kukosea kwa upande wa pili. Swali la mhoji nalo ni sehemu ya jibu. Hoja hiyo sina jibu kamili kwake. Lakini hata zao la pamoja lina wazalishaji wawili, na orodha yetu ilikuwa na mmoja.

Tulichoamua: kila mahojiano katika sehemu ya pili yanakuwa rekodi yake, si tena kurasa ndani ya kitabu. Kila rekodi ina safu ya msemaji na safu ya mhoji. Rejeleo linalomtaja mzee kwa jina ndani ya sentensi linahesabiwa kwa wote wawili. Rejeleo linalosema Oruka tu, huku maneno ni ya mzee, linawekewa alama na linahesabiwa mara moja, upande wa msemaji. Kijana alilalamika kwamba hakuna kanzidata duniani inayofanya hivyo. Akaitengeneza.

Wiki hiyo hiyo wazee wengine wa kitabu hicho, Njeru wa Kanyenje, Stephen Kithanje, Okemba Simiyu Chaungo na wenzao wameanza kupata vitambulisho. Kwa baadhi yao hiyo ni rekodi ya kwanza kwenye mtandao isiyo ndani ya jina la mtu mwingine.

Juni, mwanzoni

Ukurasa wa kamati umekwenda. Namba waliyoomba wamepewa, pamoja na jina la kanzidata na tarehe tuliyoichukua, kwa sababu kila kanzidata inatoa yake na hazikubaliani. Sitaiandika hapa. Mtu akiinakili bila tarehe itakuwa uongo ndani ya mwaka.

Chini ya namba tumeweka aya mbili: moja ya maandishi, na moja ya watu aliowahoji, kwa majina. Kamati iliuliza kama aya ya pili inaweza kuondolewa ili picha ipate nafasi. Profesa aliwajibu mwenyewe kwamba wapunguze picha. Wamepunguza.

Juni, baadaye

Kazi iliyobaki ni ya kawaida: kuskani Thought and Practice ya zamani pale ambapo wenye nakala watakubali, kuunganisha 1990 na 1991 bila kupoteza namba za kurasa, na kuwaandikia wahariri wa kitabu cha 2018 juu ya Oruka, Oduor, Nyarwath na Owakah, kuhusu marejeleo ya sura zao.

Kinachozua ubishi ni kitabu cha 1992 juu ya falsafa na imani za Jaramogi Oginga Odinga. Kurasa nyingi ni mazungumzo: Oruka anauliza, Jaramogi anajibu. Kinarejelewa zaidi na wanahistoria wa siasa kuliko wanafalsafa, na wote wanaweka jina la Oruka. Kwa kanuni yetu ya Mei, Jaramogi ni msemaji. Mwenzangu wa Kisumu anataka zaidi: aingie kama mwandishi mwenza wa kitabu kizima, kwa sababu Jaramogi hakuwa mzee wa kijijini asiyejulikana, alikuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya na alijua anachosema kitachapwa. Kijana anasema tukifanya hivyo itabidi tufungue upya kila kitabu cha mahojiano kilichowahi kuchapwa. Profesa amesema tusubiri asome tena dibaji. Mimi niko upande wa Kisumu, nimeshaandaa rekodi, haijapakiwa.